Kati ya meshi na mizani: utakatifu ni nini hasa?

Msomaji wa Birere, hapa Goma, mama wa watoto watatu, ameuliza hivi (tumefupisha barua yake):

"Huu ni mwaka wa sita tangu niokoke. Kanisani kwetu utakatifu ni kutovaa suruali, kutoweka meshi (nywele za kuongezea) wala hereni, na kufunga siku tatu kila mwezi. Hayo yote ninayashika. Lakini nyumbani mimi na mama mkwe hatusalimiani. Kazini, kwenye ofisi ya kutolea mizigo duwane (forodhani), mkubwa wangu ananiambia niandike kilo pungufu, nami naandika, na mwisho wa juma napata matabishi (bahashishi) kidogo. Kwenye chumba cha maombi walisema nina roho ya hasira, wakaniombea mara mbili, haikutoka. Ni miezi minne sijagusa Meza ya Bwana. Utakatifu ni nini, na mtu kama mimi aanzie wapi?"

Mama, asante kwa kuandika bila kupaka rangi. Ukiisoma tena barua yako utaona jambo: yale unayoyashika yote yako juu ya mwili wako mwenyewe, na yale yanayokunyima usingizi yote yako kati yako na mtu mwingine. Tutarudi hapo.

Tuanze na neno. Kwa Kiswahili "takatifu" limetoka kwenye kutakata, kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu hadi ikang'aa. Ni neno zuri, ila linatufanya tuwaze usafi kwanza. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa hivyo, *qadosh*, linaanzia mahali pengine: kwenye kutengwa kuwa mali ya Mungu, yaani umiliki. Kikombe cha hekaluni hakikuwekwa wakfu kwa sababu kilikuwa safi kuliko vikombe vya mtaani. Kilikuwa cha Mungu, na kwa sababu hiyo kikaoshwa na kikakatazwa kunywewa pombe ya nyumbani. Umiliki unatangulia, usafi unafuata. Ukiugeuza mpangilio huo utafanya kazi maisha yote ya kumshawishi Mungu akuchukue, wakati alishakuchukua.

Ushahidi mkubwa ni barua ya kwanza kwa Wakorintho. Kusanyiko lile lilikuwa na mtu anayeishi na mke wa baba yake, ndugu wanaoshtakiana mahakamani, na watu wanaolewa kwenye chakula cha Bwana huku wenzao wana njaa. Paulo aliyajua yote. Hata hivyo, katika mstari wa pili wa barua anawaita "waliotakaswa katika Kristo Yesu". Halafu anatumia sura kumi na kitu kuwagombeza. Hawagombezi ili siku moja wawe watakatifu. Anawagombeza kwa sababu mwenendo wao haufanani na yule aliye mwenye mali. Kwa hiyo swali lako "je, mimi ni mtakatifu?" lina majibu mawili. Kama umo ndani ya Kristo, umeshatengwa. Na kilo pungufu zile ni uchafu ndani ya chombo chake.

Sasa, Mungu mwenyewe akitaka kuonyesha utakatifu unavyofanana anaelekeza wapi? Soma Mambo ya Walawi 19. Inafunguka kwa amri kubwa, iweni watakatifu kwa kuwa mimi ni mtakatifu, na mtu angetarajia ifuate habari ya uvumba na nyimbo. Kinachofuata ni hiki: mheshimu mama yako na baba yako. Ukivuna, pembe za shamba ziache kwa maskini na mgeni. Ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Usimtukane kiziwi, usimwekee kipofu kikwazo. Usiende huku na huko ukichongea. Mgeni mpende kama nafsi yako. Na karibu na mwisho, mistari ya 35 na 36: mizani ya haki, mawe ya haki, efa ya haki, hini ya haki. Efa ilikuwa kipimo cha nafaka, kiasi cha lita 22 hivi, na hini kipimo cha vitu vya majimaji. Kiitikio kinachorudi kila baada ya mistari miwili mitatu ni "Mimi ndimi Bwana".

Efa hiyo kwetu ni lile kopo la kupimia maharagwe sokoni Virunga. Unalijua lile ambalo chini limegongwa nyundo likaingia ndani. Juu linajazwa mpaka linafanya kilima, mnunuzi anafurahi, kumbe mkono umeshakula chini. Au gunia la makala lenye makaa makubwa mdomoni na vumbi katikati. Kwa Walawi 19, kopo lile ni jambo la ibada sawasawa na madhabahu. Na karatasi ya duwane yenye kilo pungufu ni kopo lilelile, limebadilika umbo tu.

Kuna aya ndogo katika nabii Zekaria, sura ya 14, ambayo wahubiri wengi wanaipita. Kuhani mkuu alivaa kwenye kilemba bamba la dhahabu lililochorwa kwamba yeye ni mtakatifu kwa Bwana (Kutoka 28:36). Zekaria anasema siku inakuja ambapo maneno yaleyale yataandikwa kwenye njuga za farasi, na kila chungu cha Yerusalemu kitakuwa kitakatifu. Maandishi ya kwenye paji la uso la kuhani yanashuka hadi kwenye mnyama wa mizigo na sufuria ya jikoni. Goma hatuna farasi. Tuna chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Kuhusu mavazi nitapita haraka, si kwa dharau. Kanisa lina haki ya kuwa na utaratibu, na mwanachama anayeuheshimu hakosei. Kama mchungaji wako anaomba kikwembe ibadani, vaa kikwembe. Ila tusilipe jambo hilo uzito ambao Maandiko hayakulipa. Petro anapotaja kusuka nywele, dhahabu na mavazi (1 Petro 3:3), anasema pambo la kweli ni la moyo. Kama mstari ule ungekuwa katazo kamili, basi tungekatazwa pia "kuvalia mavazi", maana nayo yametajwa hapohapo. Na Paulo anaonya Wakolosai kwamba sheria za usishike, usionje, usiguse zina sura ya hekima, lakini hazina nguvu ya kuzuia tamaa za mwili. Hapo ndipo hatari ilipo. Sheria ya meshi inapimika kwa macho kila Jumapili, sheria ya mizani haipimiki. Kwa hiyo kanisa linaishia kukagua nywele, na kilo zinapita salama.

Tuje kazini kwako. Watoza ushuru walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini (Luka 3), hakuwaambia waache kazi ya ushuru. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari nao hakuwavua sare. Aliwaambia wasidhulumu wala wasishtaki kwa uongo, na watosheke na mshahara wao. Basi kazi ya kutolea mizigo si najisi. Kilichoharibika ni mambo mawili: matabishi unayopokea na tarakimu unazoandika kwa mkono wako.

Matabishi yakome juma hili. Hayo yako mikononi mwako kabisa, na kukataa kupokea ni rahisi kuliko kukataa kuandika. Kuhusu tarakimu, ongea na mkubwa wako faraghani, mara moja, bila kuhubiri: "Mkubwa, kuanzia mwezi huu naomba niandike kilo za kwenye mizani tu. Faili nyingine zote nitazifanya." Ona kwamba sentensi hiyo inatoa kitu pia. Danieli alipokataa chakula cha mfalme hakupiga kelele. Alimwomba msimamizi awajaribu siku kumi. Mkubwa wako anaweza kukuhamishia kwenye kupokea wateja, au akakufukuza. Kwa hiyo kabla ya kuongea, mume wako ajue, na muwe na akiba ya chakula na kodi ya miezi miwili au mitatu, hata kama mazungumzo yatachelewa kidogo kwa ajili hiyo. Usiweke tarehe isiyo na mwisho, maana akiba inayosubiriwa milele ni kisingizio.

Usifanye hivyo peke yako, kwa sababu katika mji wetu jambo hili si mchezo. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapahapa Goma mwaka 1981, akasomea sheria, akafanya kazi kwenye ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Jioni aliwahudumia maibobo, watoto wa mitaani, pamoja na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiingie sokoni, akatekwa na kuuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 Juni 2025, huko Roma. Simtaji ili kukutisha, wala kusema kila mtu anaitwa kufa. Namtaja kwa sababu utakatifu wake haukuonekana kwenye maono. Ulionekana kwenye saini asiyoitoa, kwa ajili ya matumbo ya watu wasiomjua. Hata wewe Mprotestanti huyo unaweza kumwelewa.

Kuna mambo ofisini ambayo si yako. Mwenzako wa meza ya pili akiandika kilo pungufu, hujaandika wewe. Naamani, jemadari wa Shamu, baada ya kuponywa, alimwuliza nabii Elisha juu ya kuinama katika nyumba ya mungu Rimoni wakati bwana wake amemwegemea mkono, na Elisha akamjibu aende kwa amani (2 Wafalme 5). Dhamiri isiyojua mpaka wake huchoka mapema.

Na yale uliyokwisha kupokea? Kipengele hiki ndicho mafundisho mengi ya utakatifu yanakikwepa, kwa hiyo nikikalie. Walawi 6 inasema aliyedhulumu arudishe kitu chenyewe na aongeze sehemu ya tano. Zakayo alijitoza mara nne. Chukua ile ya chini. Tuseme ulipokea dola 5 kwa juma, majuma 50: ni 250. Sehemu ya tano ni 50. Jumla 300. Kama unaweza kutenga dola 15 kwa mwezi, ni miezi 20. Andika kwenye daftari, toa kila mwezi, futa. Umpe nani? Angekuwa ni jirani, ungemrudishia yeye na kumwambia sababu. Hapa aliyeibiwa ni hazina ya umma, na ukipeleka kaunta huenda fedha ikaishia mfuko uleule. Hesabu 5:8 inakubali kwamba kuna nyakati hapana mtu wa kupokea, na deni linakwenda kwa Bwana. Lipeleke kwa wale ambao fedha ya umma ingewafikia: deni la mgonjwa aliyezuiliwa hospitalini, karo ya yatima. Isiwe kwenye kapu la kanisa ambako utapigiwa makofi. Na usiandike barua yoyote ya kuungama ofisini kabla hujaongea na mtu anayejua sheria.

Miaka ya 1930, uamsho uliotokea Gahini, ng'ambo ya mpaka wetu, Rwanda, ulijulikana kwa jambo hili hasa: watu walirudisha mali za watu. Waliita kutembea nuruni. Lakini nao ulikuwa na mahali pa kuharibikia, na tunaendelea kuparithi: kuungama kila kitu mbele ya kila mtu. Kanuni ni kwamba ungamo liwe na ukubwa wa kosa. Ulilomkosea mmoja, mwambie huyo mmoja. Ulilolikosea kusanyiko, liambie kusanyiko. La mawazo, mwambie Mungu na pengine ndugu mmoja mwenye kifua. Mtu akisimama kanisani akasema "nilimtamani mke wa fulani", amejitua mzigo na kuutwika nyumba nyingine.

Kwa mama mkwe ndiko ungamo linakoharibika zaidi, kwa maneno mawili: "kama" na "lakini". "Mama, nisamehe kama nilikukosea" si kuomba msamaha. Ni kumwambia huenda anajifanya. "Nisamehe, lakini na wewe" ni kuendeleza ugomvi kwa sauti ya chini. Tafuta tendo moja, lenye siku na mahali. Kwa mfano: "Mama, siku ile ya ugeni nilikujibu mbele ya wakwe zako. Nilikuvunjia heshima. Naomba unisamehe." Nyamaza hapo. Nenda asubuhi wakati bado hajachoka, na usiende mikono mitupu. Sukari kilo moja inasema kitu kwa mama wa kwetu ambacho maneno hayasemi. Asipokusamehe, endelea kumsalimia kila asubuhi, kwanza wewe. Waebrania 12:14 inaweka mambo mawili katika pumzi moja: "Tafuteni kwa bidii kuwa na amani na watu wote, na huo utakatifu, ambao hapana mtu atakayemwona Bwana asipokuwa nao." Mwandishi anajua amani inahitaji watu wawili, ndiyo maana anasema tafuteni.

Sasa ile roho ya hasira. Sipingi kwamba pepo wapo, wala kwamba Yesu alitoa pepo. Lakini Paulo anaiweka hasira kwenye orodha ya matendo ya mwili (Wagalatia 5), na matendo ya mwili dawa yake ni kusulubishwa kila siku. Hayatolewi mara moja kwa kuwekewa mikono. Ukiambiwa ni pepo na halitoki, unabaki na hofu mbili: hasira yenyewe, na wazo kwamba Mungu alishindwa. Na chumba chochote kinachodai "mbegu" ya fedha ili waombe kwa mara ya tatu, kiache.

Fanya kama Waefeso 4 inavyofanya. Mwizi haambiwi tu aache kuiba. Anaambiwa aache, afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Amevua utu wa kale, na amevaa utu mpya. Nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu, Yesu alisema, pepo wa kwanza anarudi na wenzake saba. Kwa hiyo angalia hasira yako inakuja saa ngapi. Kwa wamama wengi ni ile saa ya kutoka kazini na njaa, makala hayajashika, watoto wanalia, na mtu wa nyumbani anatoa neno moja. Kula kitu kabla ya kuingia ndani, hata ndizi moja. Kaa kimya mpaka umebadili nguo. Neno ulilotaka kusema lishike hadi baada ya chakula. Likiwa bado lina maana, liseme wakati huo. Na lililokutoka lirekebishe kabla ya kulala, kwa sababu Paulo anasema jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Haya yanaonekana madogo mno kuitwa utakatifu. Utakatifu mwingi ni wa ukubwa huo.

Tafuta pia wenzako wawili au watatu. Wanawake, si zaidi ya wanne pamoja nawe, wasioongea ovyo, mkutane saa moja kwa juma. John Wesley aliwapanga Wamethodisti wake katika vikundi vya watu kama 12. Mpango wenyewe ulianza Bristol mwaka 1742 kwa ajili ya kukusanya senti za kulipia deni la jengo, na wakusanyaji walipopita nyumba kwa nyumba ndipo wakagundua nani anapigana nyumbani na nani analewa. Uangalizi ulizaliwa na hesabu ya fedha! Ninyi ulizaneni maswali machache yaleyale kila juma: Umechukua kisicho chako? Umemsema nani akiwa hayupo? Nani hujasalimiana naye? Umempa nani nini? Lililosemwa libaki hapo. Kikundi hufa kwa njia mbili, umbea na mafundisho: mmoja akianza kuwahubiria wengine saa nzima, hakuna tena anayeungama.

Kufunga kwako kuendelee, na marekebisho. Kunywa maji, hasa kwenye mfungo wa siku nzima. Ukiwa mjamzito, unanyonyesha, una kisukari au vidonda vya tumbo, au unameza dawa za kila siku kama za kifua kikuu, usifunge chakula, funga simu. Na soma Isaya 58 kabla ya kuanza. Watu wale walifunga huku wakiwasumbua wafanyakazi wao, na Mungu akakataa kusikia. Msichana wa kazi nyumbani kwako analipwa lini? Kama mshahara wake unangoja hadi mfungo wako uishe, mlipe kwanza, ndipo ufunge.

Wakatoliki na Waprotestanti, na hata Waprotestanti wenyewe kwa wenyewe, wanatofautiana juu ya utakaso unafika wapi kabla ya kufa. Wesley aliamini upendo unaweza kumjaza mtu akiwa bado hai, wafuasi wa Luther wanasema tunabaki wenye haki na wenye dhambi kwa pamoja hadi kaburini. Mabishano hayo yana uzito, lakini hayabadilishi unachopaswa kufanya Jumatatu. Wote wanakubali kwamba ni Roho anayefanya kazi ndani yako, na kwamba wewe hukai umelala (Wafilipi 2:12-13).

Limebaki la Meza. Miezi minne umekaa mbali ukingoja ujisikie msafi, na hiyo si amri ya Paulo. Aliandika kwamba mtu ajihoji mwenyewe, "na hivyo" aule mkate. Hakusema ajihoji na hivyo abaki benchini. Na Yesu alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, enda upatane naye, kisha urudi uitoe. Kwa hiyo matabishi ya juma hili yakatae Ijumaa. Jumamosi asubuhi peleka ile sukari. Jumapili, hata kama mama mkwe ameipokea bila kukutazama usoni, nenda ukale.